Maji ya Sabuni Nyuma ya Bweni la Chini

Mama Mwende, mke wangu mpendwa,

Niwie radhi kwanza kwa kukaa kimya muda mrefu hivi. Tangu tulipokulaza kule nyumbani Mbooni, baada ya zile mvua kubwa za El Nino, nimekuwa nikijiambia kwamba nitakuandikia pindi mambo yatakapotulia. Hayakutulia. Tena, nikueleze ukweli, niliogopa kuiandika barua hii wakati chuo kimejaa watu, maana siku hizi sijui ni nani anayepita nyuma ya dirisha langu, wala anapita kutafuta nini. Leo wanachuo wamekwenda likizo na wakubwa wamekwenda makwao. Nimefunga mlango, nimevuta pazia lako la maua, nimeketi. Uniwie radhi kwa mwandiko pia. Macho yamezeeka.

Kitengela usingeitambua. Pale tulipokuwa tukisimama jioni kuwatazama nyumbu wakitoka mbugani kwenda malisho ya kusini, sasa pana uzio wa seng'enge, na nyuma ya uzio huo pana uzio mwingine. Kila mtu amejifungia kipande chake. Mwaka mmoja nyumbu walikuja, wakasimama mbele ya seng'enge, wakatazama, wakageuka. Kutoka barabara ya Namanga hadi langoni kwetu ni maduka ya mbao, simiti na madirisha ya chuma, na matangazo ya viwanja yamepigiliwa misumari hadi kwenye miguu ya migunga. Ardhi ambayo mafundi waliikimbia kwa sababu ya udongo wake mweusi, leo watu wanaigombea.

Chuo nacho kimepakwa rangi. Krimu juu, hudhurungi chini, kuanzia lango kuu hadi jikoni. Wageni wanasifu. Mimi, samahani, rangi mpya hunitia shaka. Nimeyatunza majengo haya tangu yalipokuwa madarasa machache na jiko la mabati, na sijapata kuona mtu akipaka rangi kwa haraka ile ila kuna kitu hataki kionekane. Mabati ya ukumbi yamebadilishwa. Tangi la mawe, ulilokuwa ukiwaingiza wasichana ndani yake walisugue kila kiangazi huku mkiimba, limepasuka na limeachwa vivyo hivyo, na mijusi wanaota jua juu yake. Maktaba imeongezwa ghorofa. Nilipouliza kama msingi wa zamani utastahimili ghorofa, nilijibiwa kwamba nisiwe na wasiwasi. Nikiambiwa nisiwe na wasiwasi, ndipo huanza kuwa nao.

Lakini Bweni la Chini halikupakwa rangi. Bweni lako. Waliruka ukuta wake kama mtu anavyomruka mgonjwa aliyelala njiani.

Naibu wa mkuu wa chuo humjui. Alikuja mwaka uliofuata kifo chako. Anaitwa Bwana Kamande. Ni mtu nadhifu, mwenye viatu visivyoshika vumbi, jambo ambalo hapa Kitengela lenyewe linahitaji maelezo. Nilimwendea kwa adabu kumwuliza mbona bweni la wasichana limesahauliwa. Akaniwekea mkono begani. "Mzee wetu," akasema, "hiyo nyumba imechoka. Wacha ipumzike."

Nyumba ipumzike, Mama Mwende! Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijasikia nyumba iliyopumzika ikaamka.

Haukupita muda, nikawakuta vijana wawili na chombo chao cha miguu mitatu, wakipima kutoka nyuma ya bweni hadi kwenye uzio wa jirani. Wameacha vigingi vyekundu kwenye nyasi. Nikawauliza wanampimia nani. "Tunapima tu, mzee." Hakuna mtu duniani anayepima tu. Nilisimama palepale baada ya wao kuondoka, nikafuata vigingi kwa macho, na vigingi vikapita katikati ya kamba zako za kuanikia nguo.

Halafu ukuta wa nyuma ukapasuka.

Ulianza kama unywele juu ya dirisha la chumba cha mwisho cha upande wa juu wa mteremko, ukashuka ngazi kwa ngazi ukifuata simiti katikati ya mawe. Nilipoweka ukucha, ukaingia. Baada ya wiki, ukaingia ukingo wa sarafu. Mlango wa chumba hicho ukakataa kufunga. Ilikuwa katika ukame uliofuata zile mvua za El Nino, unakumbuka ulivyokuwa ukihofia kwamba mvua nyingi namna ile haziji bure. Nchi ilikauka hadi udongo mweusi ukafunguka mianya ambamo mbuzi angeweza kuvunjika mguu.

Bwana Kamande hakushtuka hata kidogo. Katika kikao cha wafanyakazi alisimama, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema: "Tusilaumu mtu aliyelala. Lakini sisi wote tunajua yule mama matroni alikuwa anamwaga maji ya kufulia hapo nyuma, kila siku, miaka nenda miaka rudi. Msingi umeoza. Halmashauri ikikuja, tuseme tu ukweli, nyumba ishuke."

Wakanigeukia wote. Na mimi, mumeo, sikusema kitu.

Unajua kwa nini. Mwalimu wangu wa ujenzi kule misheni alitufundisha kwamba maji kwenye msingi ni adui aliyekaribishwa ndani, na mimi nilikuhubiria hayo tangu mwaka wa kwanza. Nilikuja nyuma ya bweni nikiwa na rula yangu mfukoni, nikakukuta na foleni ya wasichana, kila mmoja na beseni lake, wakimwaga maji ya sabuni chini ya ukuta kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Nikakwambia. Ukanijibu, "Ndiyo, Mwalimu," huku umeinua beseni, nawe ukamwaga. Ulikuwa ukiniita Mwalimu pale tu ulipokuwa hutaki kunitii.

Sababu yako niliijua, wala sikuidharau. Zamani maji ya kufulia yalikwenda kwenye mtaro, na mtaro ukateremka hadi kwenye silanga, lile bwawa la mifugo la majirani zetu Wamaasai upande wa chini. Siku moja Ngoto Naserian, mama wa Naserian, alipanda hadi chuoni na fimbo ya kuchungia, akapita ofisi zote bila kubisha, akaja moja kwa moja kwako. Ndama wake alikuwa ameharisha. "Ng'ombe yangu hapana kunywa povu!" Nilikuwa juu ya ngazi nikirekebisha gata, na nilidhani atakupiga. Ukamkalisha. Ukampa chai yenye sukari ambayo wewe mwenyewe ulikuwa umeiacha. Kabla hajaondoka, ulikuwa umempa ahadi kwamba hakuna tone la sabuni litakalofika kwenye silanga yake ungali hai. Mtaro ukauziba kwa mawe. Na kwa sababu wasichana walikuwa wavivu wa kutembea mbali, ukachagua mahali pa karibu, chini ya ukuta, penye yale maua yako mekundu.

Tangu hapo mkawa marafiki, wewe na Kimaa chako cha kuchekesha, yeye na Kiswahili chake. Mlikuwa mkicheka nyuma ya bweni hadi mkashika mbavu, na mimi nikijiuliza watu wasio na lugha moja wanacheka nini. Nilishuku kwamba mnanicheka mimi.

Basi nilipokaa kimya katika kikao kile, sikukaa kimya kwa woga peke yake. Nilikaa kimya kwa sababu nilikushuku. Nimeliandika neno hilo na sitalifuta. Nililala nikiwaza kwamba huenda Kamande anasema kweli. Kwamba wewe, kwa ukaidi wako mwema, ndiwe uliyeiua nyumba yako mwenyewe, na kwamba nyumba ikishushwa, wasichana watakaokuja watasimuliwa habari za matroni aliyebomoa bweni kwa beseni. Kaburi lako liko Mbooni. Mimi niko hapa. Kati yetu ndilo jengo hili tu, ambalo hata leo wanachuo hawaliiti Bweni la Chini, wanaliita "Kwa Mama", na wengi wao hawajui ni mama gani.

Nikaamua kufanya lile ninalolijua. Nilikata kioo chembamba katika vipande vifupi, nikavipachika kwa simiti juu ya ufa, kimoja baada ya kingine, kuanzia upande wa juu hadi upande wa chini ambako ukuta ulikuwa bado haujapasuka. Ukuta ukisogea hata kwa upana wa unywele, kioo hupasuka. Kioo hakina sababu ya kusema uongo, na hakuna anayekula nacho njama.

Vya upande wa juu vikapasuka. Nikavibandua, nikaweka vingine. Navyo vikapasuka.

Nisamehe, Mama Mwende, kwa jinsi nilivyokuwa siku zile. Nilimshuku fundi wa mabomba, kwa kuwa nilimwona akicheka na Bwana Kamande karibu na gari. Nilishuku kwamba mtu anavigonga vioo kwa nyundo, nikavichunguza kwa ile lenzi yangu ya kusomea Biblia nitafute alama. Niliwashuku wasichana wa chumba cha mwisho, masikini, ambao kosa lao lilikuwa kuning'iniza taulo kwenye msumari. Mmoja aliniambia, "Guka, hata sisi tunaogopa, tunalala tukiangalia dari." Guka! Nikamshuku hata kwa kuniita babu kwa lugha ya naibu.

Na Mwende wetu. Alinipigia simu kutoka Loitokitok, anakofundisha, akasema kwa ile sauti yako ya kubembeleza: "Baba, huo ukuta ukianguka utafanya nini hapo? Njoo huku kwetu. Maji yapo, nyanya zipo, watoto wanakuuliza." Nikamwuliza nani amemwambia habari za ukuta, kwa sababu mimi sikumwambia. Akacheka tu. Nikaweka simu nikiwa na hakika kwamba Kamande amefika hadi kwa mwanangu, ili nihame na nisiwepo wa kuuliza maswali.

Ndipo nikaona unyevu.

Ilikuwa asubuhi, wanachuo wakiwa darasani. Nchi nzima ilikuwa kavu kama jivu, lakini kwenye pembe ya chini ya bweni, karibu na uzio, udongo ulikuwa umelowa. Nilipiga magoti nikanusa. Sabuni. Na kando yake zilikuwepo alama za akala, zile kandambili za tairi, zikitoka kwenye tundu la uzio na kurudi huko huko.

Hutaamini jinsi nilivyofurahi. Mtu anaposhuku kwa muda mrefu, kumpata mwovu halisi ni kama kupata maji. Wasichana hawakuwa tena na haja ya kumwaga kitu pale, maana Bwana Kamande alikuwa amewajengea dobi mpya, mahali pa kufulia, karibu na jiko, na shimo la kumezea maji machafu. Basi ni nani huyu anayepitia uani kulowesha msingi wa nyumba inayotakiwa kuanguka? Ni mtu aliyetumwa. Kesho yake nikabeba kiti, nikakaa nyuma ya tangi la mawe lililopasuka, mimi na mijusi, nikangoja.

Akaja Ngoto Naserian.

Mama Mwende, nilihisi kama nimechomwa. Amezeeka, mgongo umeinama, na mtungi wa plastiki ulikuwa umefungwa kwa kamba kipajini pake. Akapita kwenye tundu, akaenda kwenye pembe, akamwaga polepole akifuata ukuta hadi mtungi ukaisha, hatua chache tu. Na mimi tayari nilikuwa nimepanga kila kitu kichwani: mwanawe wa kiume ameuza malisho yanayopakana nasi, aliyeyanunua ni Kamande au mtu wa Kamande, vigingi vinakutana huko, na mama mtu anapewa chochote ili amalizie kazi. Huyu aliyekunywa chai kwako.

Nikajitokeza. Nikamsalimu kwanza, kwa sababu sikulelewa vingine. "Takwenya," nikasema. "Iko," akajibu, akaniangalia na kile kiti changu mkononi, akaanza kucheka. "Weh, mzee! Unanilinda kama mimi ni fisi?"

Nikamwuliza, kwa ukali ambao sasa unaniaibisha, ni nani amemtuma.

"Mama Mwende," akasema.

Nilikaa kwenye kiti.

Akanieleza akiwa amesimama, kwa kile Kiswahili chake ambacho hakijabadilika. Lile shimo jipya la dobi lilijaa zamani. Udongo huu haumezi maji haraka, na mimi ningewaambia kama wangeniuliza. Maji yakafurika, yakatafuta mtaro wa kale, yakateremka kwenye silanga. Hakwenda ofisini. "Ofisi hapana jua mimi. Ile ahadi ni ya mama na mimi. Yeye amekufa. Nusu yake nani atabeba?" Kwa hiyo amezuia mtaro kwa mawe na matope chini ya uzio, na yale yanayokusanyika huyachota, anayaleta hapa, mahali ulipokuwa ukiyamwaga wewe. Hapa tu kwenye pembe, kwa sababu miguu yake haifiki mbali zaidi. "Naambia Naserian kwa simu, ukuta ya mama imepasuka. Yeye anakaa huko huko Loitokitok. Anaambia Mwende."

Hivyo ndivyo habari zilivyofika kwa mwanangu. Hakuna aliyemnunua mtu yeyote.

Ningependa kukuambia kwamba nilimwamini papo hapo. Sikumwamini. Nilimshukuru, nikamwahidi chai, na alipoondoka nikaenda kwenye pembe ile kuona ameharibu kiasi gani. Nikainama kwenye vioo vyangu.

Vilikuwa vizima.

Upande wa juu, kukavu, ambako hakuna aliyemwaga hata kikombe tangu ulipoondoka, kila kioo kilikuwa kimepasuka. Upande wa chini, penye maji yake ya sabuni, hakuna hata kimoja. Nikatembea nikienda na kurudi, nikashika ukuta. Nikafikiri kwamba labda ameviweka vipya. Nikachunguza simiti, ni yangu, yenye alama ya kidole changu gumba. Bado nikakataa. Mtu aliyefundishwa jambo moja ujanani halitoi moyoni kwa sababu ya vipande vya kioo. Nikarudi nyumbani nikanywa uji wangu, nikatoka tena, nikaona mwanya katika udongo wa upande wa juu, mrefu, unaokwenda sambamba na ukuta, umejitenga na jiwe kiasi cha kuingiza kiganja. Nikaingiza kiganja. Chini kabisa palikuwa pakavu, na udongo ulikuwa umejikunja kama ngozi iliyoachwa juani.

Ndipo nilipoanza kukuelewa, au kuelewa ulichofanya, kama wewe mwenyewe ulikijua au hukukijua. Udongo huu ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa, na nyumba iliyoko juu yake hupanda na kushuka pamoja nao. Hilo nililijua, kila fundi wa Kitengela analijua. Nisilolijua ni kwamba kwa miaka yote ile, kiangazi na masika, wewe na foleni yako ya mabeseni mliuweka udongo ule katika hali moja. Haukupata nafasi ya kusinyaa. Ulipokufa, dobi mpya ikajengwa, beseni likakoma, ukame ukaja, na nyumba yako ikaketi upande mmoja kama mtu aliyeondolewa kiti.

Hata hivyo nilitaka ushahidi. Nilichukua lile karai lako la bati, nikapachika vioo vipya upande wa juu, na kila asubuhi nikachota maji kule kwenye kizuizi cha Ngoto Naserian, nikamwaga kidogo kidogo, yeye kuanzia pembe yake, mimi kuanzia yangu. Hatukuzungumza sana. Alinisahihisha namna ya kushika karai.

Na sasa ucheke, maana najua utacheka. Nikashukiwa mimi. Bwana Kamande alinikuta nimeinama na karai, suruali imelowa hadi magotini. Hakupiga kelele; si mtu wa kelele. Alisema tu, "Mzee wetu, kumbe ni wewe," akaondoka. Jioni yake nikasikia kwamba mzee wa majengo anaumaliza ukuta makusudi ili chuo kilaumiwe, kwa sababu ya uchungu wa mkewe. Mpishi akaacha kunisalimu. Fundi wa mabomba alikuwa akisimama mbali akinitazama, nami nikautambua ule mtazamo wake, kwa sababu ulikuwa wangu. Niliendelea kumwaga. Nilijua kwamba vioo vikipasuka, nyumba itashushwa, jina lako litashuka nayo, na langu litakuwa juu yake kama kifuniko.

Halmashauri ilikuja ikiwa na mhandisi, binti mmoja mwenye buti za vumbi, na hilo la vumbi likanipa moyo. Walimpeleka nyuma ya bweni, nami nikafuata nyuma nikiwa nimevua kofia. Alipitisha mkono kwenye ufa. Akachuchumaa akachimbua udongo kwa bisibisi. Akaviangalia vioo kimoja kimoja, vile vya zamani vilivyopasuka nilivyoviacha makusudi, na vile vipya kando yake. Vipya vilikuwa vizima. Kisha akauliza, bila kumtazama mtu:

"Ni nani amekuwa akimwagilia huu ukuta?"

Nikasikia bendera ikipigapiga kule kwenye uwanja wa gwaride. Bwana Kamande akasema kwa upole, "Ndiye huyo mzee. Mimi nilisema mapema."

Nikapiga hatua mbele. Nikataka kusema ni mimi peke yangu, nimwache Ngoto Naserian nje ya mambo haya. Badala yake nikasema, "Ni mke wangu."

Yule binti akanitazama. Wote walijua kwamba nina mke kaburini. Akafuta bisibisi yake kwenye suruali. "Basi mwambie aendelee," akasema. "Polepole, na pande zote sawa, mpaka mvua zirudi. Mkiacha, ndiyo itaanguka. Nyumba hii haikuharibiwa na maji, iliharibiwa na kiu." Halafu akaanza kuwaeleza wakubwa habari za kumwaga zege kuzunguka msingi ili udongo usikauke tena, na mimi sikusikia mengi zaidi.

Bweni limepakwa rangi, Mama Mwende. Krimu juu, hudhurungi chini. Niliomba madirisha yabaki na kijani chako, wakakubali. Ufa umezibwa, lakini nimeviacha vioo viwili mahali pake. Nimewaambia ni desturi ya kazi. Mlango wa chumba cha mwisho unafunga.

Usidhani nimekuwa mtu wa kuamini ovyo. Vile vigingi vyekundu bado vimo kwenye nyasi, na nilipouliza lini vitang'olewa, nilijibiwa kwamba tutaangalia mwakani. Bwana Kamande aliniletea pakiti ya majani ya chai, akaniomba radhi kwa "kutoelewana kidogo". Nilimshukuru vizuri. Sikuinywa. Niliipeleka kwa Ngoto Naserian, naye akainusa kwa muda mrefu, akanipa jicho, akasema, "Wewe kunywa kwanza." Nikanywa kwanza. Ni chai nzuri tu, samahani kukuambia.

Limebaki swali moja, na nimezunguka barua yote nikiliogopa. Je, ulijua? Ulipokuwa ukisema "Ndiyo, Mwalimu," na kumwaga, ulikuwa ukitimiza ahadi ya silanga tu, au ulikuwa umeona jambo kwenye ukuta ule nisiloliona mimi na rula yangu? Nilimwuliza rafiki yako. Alicheka hadi akashika mbavu, kama zamani, akakataa kunijibu. Basi mtaendelea kunificha hadi mwisho.

Mwende bado ananiita Loitokitok. Nitakwenda kuwaona watoto, lakini sitahama. Lala salama, mke wangu, katika udongo mwekundu wa kwenu ambao haupandi wala haushuki. Zege la mhandisi bado halijamwagwa, na zaidi ya hapo silanga lazima ibaki bila povu, zege liwepo au lisiwepo. Nusu yako ya ahadi ninaibeba mimi. Nikishindwa kuinua karai, nitalijaza nusu. Nikishindwa nusu, nitamwaga kwa kikombe. Nami nitaendelea kuvitazama vile vigingi.

Nilikushuku mara moja. Nimemaliza. Wengine, samahani, bado.

Ni mimi mumeo,
Baba Mwende